Standen: Nyumba Iliyoanza na Kilichokuwapo

Nyumba za mashambani zilizojengwa nchini Uingereza na wafuasi wa harakati ya Sanaa na Ufundi, kuanzia miaka ya 1860 hadi kukaribia Vita Kuu ya Kwanza, hutembelewa leo na watu wengi wanaovutiwa na nakshi za karatasi za ukutani, mapazia ya maua na bustani zenye rangi tele, ilhali jambo lililo kubwa zaidi ndani yake, yaani jinsi uamuzi wa kujenga ulivyofikiwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, halionekani kwa mtazamo wa haraka. Makala haya yanaishughulikia nyumba moja tu kati ya hizo, nayo ni Standen, iliyo mlimani karibu na mji wa East Grinstead katika jimbo la West Sussex, kusini mwa London, ambayo ilisanifiwa na Philip Webb na kujengwa kati ya mwaka 1891 na 1894. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya Standen haimo hasa katika mapambo yake, ingawa mapambo hayo ni mazuri mno, bali katika adabu ya msanifu aliyeuliza kwanza mahali pale palikuwa na nini, kisha akajenga huku akiliheshimu jibu alilolipata. Mwandishi aliifikia hoja hiyo akiwa mgeni katika vyumba na vijia vya nyumba hiyo, naye alikwenda huko akiwa na macho ya mtu aliyekulia katika mji wa mawe wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako tanuri la chokaa, boriti na mwiko wa mwashi ni vitu alivyovizoea tangu utotoni.

Harakati yenyewe ilizaliwa kutokana na uchungu. Kufikia katikati ya karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeweza kuiga karibu kila pambo lililowahi kuchongwa, kufumwa au kufuliwa kwa mkono, na Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 yaliyaweka mafanikio hayo mbele ya ulimwengu mzima, lakini baadhi ya waliotazama waliona kwamba katika wingi ule wa bidhaa fundi mwenyewe alikuwa ametoweka. John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyezaliwa mwaka 1819, alidai katika kitabu chake The Stones of Venice, kilichotolewa kati ya mwaka 1851 na 1853, kwamba kasoro ndogo zinazoonekana katika mawe ya makanisa ya zama za kati ni ushahidi wa uhuru wa mchongaji, na kwamba mtu anayelazimishwa kurudia umbo moja kutwa nzima bila kufikiri amegeuzwa kuwa chombo. Maneno hayo yaliwaingia vijana wawili waliokutana mwaka 1856 katika ofisi ya msanifu majengo G. E. Street mjini Oxford, nao ni William Morris, mwana wa familia tajiri aliyeacha usanifu baada ya muda mfupi na kugeukia ubunifu wa nakshi, ushairi na siasa, na Philip Webb, mwana wa tabibu, aliyebaki katika usanifu maisha yake yote. Webb alimjengea Morris nyumba yake ya Red House huko Bexleyheath mwaka 1859, na miaka miwili baadaye wote wawili walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni iliyotengeneza samani, vioo vya rangi, vitambaa na karatasi za ukutani. Jina la Sanaa na Ufundi lilikuja baadaye, mwaka 1887, kilipoundwa chama cha kuandaa maonyesho ya kazi za mafundi, na maana yake ilikuwa kwamba mchoraji na seremala, mchongaji na mfua vyuma, wanastahili heshima moja na kusimama chini ya dari moja.

Wenye kuagiza nyumba ya Standen hawakuwa makabaila wa ukoo wa kale. James Beale alikuwa wakili aliyetoka Birmingham na kufanya kazi zake London, ambako kampuni yake ya uwakili ilishughulikia mambo ya reli ya Midland, na mkewe Margaret alikuwa mama wa watoto 7 na mtarizi hodari. Waliishi mtaa wa Holland Park, ambako jirani yao mmoja, Alexander Ionides, alikuwa na nyumba iliyopambwa na Webb na Morris, na bila shaka walichokiona huko kiliwapa hamu ya kuwa na chao. Mwaka 1890 walinunua ardhi iliyojumuisha mashamba matatu, wakitaka mahali pa kupumzikia mwishoni mwa juma na wakati wa likizo, na baadaye pa kuzeekea, na wakamwendea Webb, ambaye wakati huo alikuwa amekaribia umri wa miaka 60 na alijulikana kwa tabia ya kupokea kazi chache, kuchora karibu kila kitu kwa mkono wake mwenyewe na kukimbia sifa za magazeti.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi unaostahili kutazamwa kwa makini. Juu ya kilima kile palikuwapo nyumba ya mkulima ya zama za kati, iliyoitwa Hollybush, pamoja na ghala na majengo mengine ya shamba yaliyozunguka uwanja wa nyasi, na desturi ya matajiri wa wakati ule ilikuwa kuyabomoa mabanda ya namna hiyo ili nyumba mpya isimame peke yake na kuonekana kutoka mbali. Webb alikataa. Aliipanga nyumba mpya ili iungane na majengo ya shamba, akaupinda mpango wake ili uwanja wa nyasi ubaki, na akaacha nyumba ya mkulima isimame hapo iliposimama kwa karne kadhaa. Matokeo yake ni kwamba mgeni anayefika Standen hakutani na lango la fahari wala njia iliyonyooka inayomlazimisha aitazame nyumba kwa unyenyekevu. Anapita kando ya majengo ya shamba, anaona kuta za zamani na vigae vyenye ukungu, na kabla hajajua sawasawa shamba limeishia wapi na nyumba imeanzia wapi, tayari yuko mlangoni. Mwandishi alisimama kwa muda mrefu kwenye uwanja huo akijaribu kuitafuta sura kuu ya nyumba, ile ambayo mpiga picha angeichagua bila kusita, na hakuipata. Ilimchukua muda kutambua kwamba huko kutokuwapo kwa sura kuu kulikusudiwa, kwa sababu Webb alitaka nyumba ionekane kana kwamba imekua pale polepole, sehemu moja baada ya nyingine, kama vijiji vya Sussex vilivyokua.

Uamuzi wa pili ulihusu vifaa vya kujengea. Jiwe la mchanga lililotumika lilichimbwa kwenye kilima kilekile, hatua chache kutoka mahali kuta zilipoinuliwa, na vifaa vingine, yaani matofali, vigae na mbao, ni vile ambavyo mafundi wa eneo hilo la Sussex walikuwa wamevitumia tangu zamani katika nyumba za wakulima na wauza maduka. Webb hakuvichanganya ovyo. Sehemu za chini zina mawe na matofali yanayobeba uzito. Sehemu za juu zimefunikwa vigae vilivyotundikwa ukutani kama magamba ya samaki ili maji ya mvua yateleze. Pembetatu za kuta zilizo chini ya paa, tano kwa mfululizo upande wa bustani, zimevikwa mbao zilizopishana. Na mnara unaobeba tangi la maji umepakwa lipu iliyochanganywa na kokoto. Mtu asiyejua ujenzi huweza kudhani kwamba aina hizo zote ni mapambo, lakini kila moja ina kazi yake, na kila moja ni kitu ambacho fundi wa karibu alikijua vizuri kiasi cha kuweza kukitengeneza tena kikiharibika.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kufundishwa kanuni hiyo kana kwamba ni ngeni. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zilijengwa kwa matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo, na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari yenye sakafu nzito ikizidi urefu fulani, vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu, kiasi kwamba mti wa baharini ndio uliopima upana wa sebule na chumba cha ndani. Mwandishi alikuwa ameuona wembamba huo tangu utotoni bila kuufikiria, na ni huko Sussex, mbele ya kuta za mtu asiyewahi kufika pwani hiyo, ndipo ulipomdhihirikia kuwa ni fikra ya ujenzi iliyokamilika, sawa kabisa na ile ambayo Webb aliitafuta kwa kusoma, kuchora na kupima majengo ya kale ya nchi yake. Tofauti ni kwamba waashi wa Lamu waliipokea kwa walimu wao bila kukatika, ilhali Webb na wenzake walilazimika kuirudia baada ya viwanda kuikata.

Shimo lililobaki baada ya jiwe kuchimbwa halikufukiwa. Liliachwa, likapandwa kangaga, yaani mimea ya kivulini isiyotoa maua, na leo ni sehemu ya bustani yenye ubaridi na unyevu hata wakati wa jua kali, ambamo miamba iliyokatwa imefunikwa kuvu ya kijani na matone hudondoka kutoka kwenye majani yaliyojikunja ncha. Mwandishi alishuka humo mchana mmoja wa mwisho wa majira ya kuchipua, na alipoinua macho kutoka ndani ya shimo akaliona paa la nyumba juu ya miti, akawa anatazama kwa wakati mmoja mahali jiwe lilipotoka na mahali lilipokwenda. Ni nadra sana jengo kumwonesha mtazamaji hesabu yake yote namna hiyo. Majengo mengi huficha gharama ambayo ardhi imelipa: mchanga umetolewa kwenye mto fulani, mawe yamepasuliwa kwenye kilima cha watu wengine, na jeraha limeachwa huko ambako mwenye nyumba hatapita kamwe. Huko Standen jeraha liko ndani ya ua, na wenyewe waliamua kulitunza mpaka likawa mojawapo ya mahali pazuri kuliko pote.

Bustani iliyobaki ina historia yenye mvutano, na pengine ndiyo inayoipa uhai. Margaret Beale alianza kupanda miti kabla nyumba haijajengwa, na familia ilikuwa imempa kazi mpangaji wa bustani kutoka London, G. B. Simpson, ambaye alichora mpango wa vijia vya kupindapinda kwa mtindo uliopendwa katika kipindi cha Malkia Victoria. Webb alipokuja akaleta mawazo yake ya matuta yaliyonyooka, ngazi na kuta za mawe zinazoiunganisha nyumba na mteremko. Mambo hayo mawili hayakuwahi kupatanishwa kikamilifu, na anayeshuka kutoka kwenye nyumba anahisi mabadiliko hayo miguuni, kwa sababu karibu na kuta njia ni ya mistari na kona zilizopimwa, kisha inalegea, inapinda, na hatimaye inafungukia kwenye bonde la mto Medway na msitu wa Ashdown unaoonekana kwa mbali. Katikati ya mvutano huo alisimama Margaret mwenyewe, aliyekuwa na daftari la kuandikia mambo ya bustani yake na aliyependa mimea kuliko kanuni za mtindo wowote, akichanganya maua ya mashamba ya Kiingereza na mimea iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ikumbukwe pia kwamba si mbali na hapo, katika nyumba ya Gravetye, aliishi William Robinson, mwandishi wa kitabu The Wild Garden cha mwaka 1870, aliyepigania wazo kwamba mimea ipandwe pale ambapo itaweza kukua yenyewe kwa furaha, badala ya kupangwa kila mwaka katika vitalu vya rangi kama zulia kisha kung'olewa. Wazo hilo kwa upande wa mimea lina undugu wa karibu na wazo la Webb kwa upande wa mawe.

Ndani ya nyumba, jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni mwanga. Vyumba vimepangwa kufuata jua, na chumba cha kulia chakula, kwa mfano, kina kijumba cha pembeni chenye dirisha linaloelekea mashariki, ili familia ipate kifungua kinywa penye jua la asubuhi. Vilevile nyumba ilifungwa taa za umeme tangu mwanzo, jambo lililokuwa jipya kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na linalopaswa kuwasahihisha wale wanaodhani kwamba harakati hii ilikuwa ya watu waliokimbia kila kitu cha kisasa. Webb na mafundi wake hawakukataa umeme. Walijiuliza umeme unastahili kuvikwa umbo gani. Taa nyingi zilitengenezwa na W. A. S. Benson, mbunifu aliyefanya kazi za shaba kwa ustadi na ambaye hakuogopa kutumia mashine katika karakana yake, na katika chumba cha kupokelea wageni Webb mwenyewe alichora sahani za shaba nyekundu zinazobeba balbu ukutani, zikafuliwa na John Pearson. Sahani hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Kila moja ina umbo la ua la alizeti, linaloitikia nakshi ya alizeti iliyo kwenye karatasi ya ukutani nyuma yake, na shaba imesukumwa kutoka nyuma kwa nyundo na patasi butu mpaka petali zikainuka, hivi kwamba mwanga ukipita juu yake hautulii bali unakatikakatika kwenye mabonde madogo yaliyoachwa na nyundo. Mwandishi, aliyewahi kukaa vibarazani mwa wafua shaba na kuwasikiliza wakigonga, aliziona alama hizo kama mwandiko wa mtu. Hakuna petali mbili zinazofanana, wala hazikuhitaji kufanana.

Karatasi za ukutani na vitambaa vya kampuni ya Morris vimeenea nyumba nzima, na kwa kuwa leo nakshi hizo huchapwa hata kwenye mifuko na vikombe, ni vizuri kukumbuka zilivyofanywa wakati ule. Kila rangi ilihitaji kibao chake cha mti kilichochongwa kwa mkono, na mchapaji alikichovya kibao kwenye rangi, akakilinganisha na alama za pembeni, akakigandamiza, akakiinua, kisha akasogea. Nakshi yenye rangi nyingi ilimaanisha kurudia safari hiyo kwenye karatasi ileile mara nyingi, kwa kusubiri kila rangi ikauke kwanza. Kwa vitambaa, Morris alikwenda mbali zaidi. Hakuridhika na rangi za kemikali zilizokuwa zimeenea sokoni, akajifunza upya kazi ya nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea, na katika karakana yake ya Merton Abbey, iliyoanza mwaka 1881 kando ya mto Wandle, kitambaa kilitumbukizwa chote kwenye pipa la nili, kisha buluu ikaondolewa kwa dawa pale ambapo rangi nyingine zilitakiwa, nazo zikachapwa moja baada ya nyingine, na mwisho kitambaa kikafuliwa mtoni na kuanikwa juu ya nyasi. Nakshi ya Trellis, yaani uchanja wa mbao uliotambaliwa na waridi, ambayo nayo inaonekana Standen, ilibuniwa na Morris mwaka 1862, lakini ndege waliomo ndani yake walichorwa na Webb, kwa kuwa Morris alimwona rafiki yake kuwa hodari zaidi wa kuchora viumbe. Kuta za nyumba hii, basi, zinabeba urafiki uliodumu tangu ujana mpaka kifo cha Morris mwaka 1896.

Kazi ya mikono ya wanawake wa nyumba hiyo inahitaji kutajwa kwa uzito uleule unaopewa majina ya wasanifu. Margaret na binti zake walitarizi mapazia na vitambaa vya kutundika kwa nakshi zilizotoka kwenye mduara wa Morris na kwa nyingine walizozipanga wenyewe, na mwandishi alipokaribia kimojawapo, huku mhudumu mmoja wa kujitolea akimkumbusha kwa upole kwamba mafuta ya vidole huharibu hariri, aliona jinsi mwelekeo wa mishono ulivyobadilishwa ndani ya jani moja ili upande mmoja uonekane umepata mwanga na mwingine kivuli. Kuna maarifa hapo yaliyo sawa na ya mfua shaba. Hata hivyo vitabu vingi vya historia ya harakati hii vimezoea kumtaja mchora nakshi na kumwacha aliyeshona, kana kwamba sindano hufuata mchoro yenyewe, na desturi hiyo haipatani kabisa na mafundisho ya Ruskin ambayo harakati ilidai kuyafuata.

Swali gumu zaidi linahusu fedha. Morris alijiunga na siasa za ujamaa mwaka 1883, akahutubia wafanyakazi mitaani na kwenye kumbi, na alitamani sanaa iwe ya watu wote, lakini kitambaa kilichopita hatua zote zilizoelezwa hapo juu hakikuweza kuuzwa kwa bei ambayo mfumaji au mchimba makaa angeimudu, na kwa hiyo wanunuzi wake walikuwa watu kama akina Beale, waliopata mali kutokana na reli na biashara zilezile za viwanda ambazo Morris alizilaani. Utajiri wa ujana wake mwenyewe ulitokana na hisa za baba yake katika mgodi wa Devon Great Consols, uliochimba shaba na baadaye ukazalisha sumu ya aseniki kwa wingi, na Morris alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake kabla ya kujiuzulu mwaka 1875. Aseniki hiyohiyo ndiyo iliyotumika kutengeneza rangi ya kijani ya karatasi za ukutani za wakati ule, zikiwamo baadhi za mwanzo za kampuni yake. Mambo haya hayapaswi kufichwa kwa sababu ya kupenda maua. Lakini pia si sahihi kuhitimisha, kama wengine wanavyofanya, kwamba harakati nzima ilikuwa anasa iliyojivika maadili. Webb alikuwa mjamaa kama rafiki yake, na kazi zake zinaonesha kwamba alichukua imani hiyo mpaka kwenye vyumba ambavyo wageni wa heshima hawakuingia: nyumba ya Clouds aliyoijenga Wiltshire ilipoungua mwaka 1889, familia tajiri ya Wyndham ilihamia katika upande wa watumishi wakati wa kujenga upya, ikaukuta unafaa kuishi kwa raha. Huko Standen nako ukiutazama upande wa jikoni na vyumba vya watumishi, unaona kwamba milango, kabati na madirisha vimechorwa kwa uangalifu uleule. Hilo halikuondoa utumishi, wala halikumpa kijakazi nyumba yake mwenyewe, lakini lilimnyima mwenye mali kisingizio cha kusema kwamba kazi mbovu inatosha kwa watu wa chini.

Kwa maoni ya mwandishi, sehemu ya urithi wa Webb na Morris iliyo na faida kubwa zaidi kwa wakazi wa miji ya kale popote duniani si nyumba walizojenga bali nyumba walizozuia zisiharibiwe. Mwaka 1877 wawili hao, pamoja na wenzao, walianzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, kwa sababu makanisa ya zama za kati yalikuwa yakikwanguliwa na kuvikwa sura mpya kwa jina la ukarabati, hata ngozi ya jengo, yenye alama za mafundi wa vizazi vingi, ikapotea. Kanuni yao ilikuwa rahisi na yenye kudai subira: jengo litazamwe kila mara, tundu la paa lizibwe likiwa bado dogo, ukuta unaoegemea ushikizwe, na kiraka kipya kisijifanye cha zamani. Waswahili walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni maneno ambayo chama hicho kingeyaandika mlangoni mwake. Mwandishi alikuwa Standen akiyafikiria majumba ya kwao, na hasa Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Jumba lile lilikuwa ndani ya eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na msiba ule ulidhihirisha kwamba orodha peke yake haishiki ukuta. Kinachoushika ni mtu anayepanda juu ya paa kila baada ya masika, akijua anatafuta nini.

Standen ilipata watu wa namna hiyo. James Beale alifariki mwaka 1912 na Margaret mwaka 1936, na binti yao mdogo, Helen, aliitunza nyumba bila kuibadilisha sana katika miongo ambayo mtindo wa Morris ulidharauliwa na nyumba nyingi za aina hiyo zikauzwa, zikagawanywa au zikabomolewa. Alipofariki mwaka 1972 aliiachia National Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1895 kwa ajili ya kuhifadhi mahali penye uzuri au historia kwa manufaa ya umma, na shirika hilo likaipokea pamoja na samani, vitambaa na taa zake nyingi za asili. Uhifadhi huo haujakamilika wala hautakamilika: mapazia hufifia kwa mwanga, ndiyo maana vyumba kadhaa huwekwa katika kiza cha makusudi kinachowaudhi baadhi ya wageni, na bustani, ambayo kwa muda ilikuwa imesongwa na vichaka, ililazimika kufufuliwa kwa kazi ya miaka mingi. Kwa upande wake, chama cha mwaka 1877 bado kinafanya kazi, na pamoja na kutoa ushauri huwapeleka wasanifu vijana, waashi, maseremala na mafundi wa chokaa kuzunguka nchi nzima, wakijifunza kwa mafundi wazee mbele ya kuta zinazotengenezwa, ili atakapohitajika mtu wa kutundika upya vigae vya ukuta wa Standen, awepo anayejua kwa nini vilitundikwa hivyo.